Vidole Vinne vya Majani

Huku Utawala udongo ni mweusi, tena una kinyongo.
Mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu.
Jua likipiga wiki mbili unapasuka
nyufa za kumeza kijiko;
kimoja kilimezwa, sijakiona tena.
Maji ya mfereji huja Alhamisi, yakikumbuka.
Nina kitalu cha hatua sita kwa mbili,
sukuma, managu, vitunguu vichache vya kujipa moyo.
Kila jioni nilimwaga mtungi mzima,
asubuhi ikawa kama sikumwaga kitu.

Basi nikaanza kutafuta cha kuufunika.

Kwa fundi Okinyo vumbi la mbao ni bure, gunia lako tu.
Alipolimimina ikanipiga harufu ya dawa ya mchwa.
Nikamwachia vumbi lake.
Randa safi nilijaribu kwenye shina moja:
majani yalipauka manjano
kama mtu aliyekopesha asilipwe.
Nyasi za kando ya uwanja nilizikata zikiwa na mbegu.
Baada ya wiki tatu nilikuwa mfugaji wa magugu.
Mkaratusi nikaukwepa kabisa;
mti unaokunywa kisima kizima
utakuachia nini katika majani yake?

Mwishowe nikapata maganda ya maharagwe
kwa Mwikali muuza githeri,
majani ya mgrevilea yaliyolala nyuma ya shule,
na katoni ya televisheni ya jirani,
niliyoibandua gundi yote, polepole,
kama unavyombandua mtoto plasta.

Nilimwagilia kwanza.
Ukifunika kiu, unahifadhi kiu.
Katoni chini, majani na maganda juu,
unene wa vidole vinne, si zaidi,
na kila shina nikaliachia duara la kupumulia:
hata blanketi, ukilivuta hadi puani, linaziba.

Jumamosi akaja mavyaa, Bi Kalondu, kutoka Mwala.
Uwanja wake kule una mistari ya ufagio
kama nywele zilizochanwa.
Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
nikasikia fya, fya, fya.
Nikajigeuza upande wa pili, nikamshukuru, nikalala.

Nilipotoka, kitalu kilikuwa uchi.
Moshi ulikuwa unapanda pembeni, mwembamba, wa adabu.
"Mwanangu, nimekutolea uchafu.
Nyoka wangezaa humo."
Nikafungua mdomo.
Nikautilia chai.

Kipande kimoja tu kilibaki, nyuma ya tangi,
mahali mgongo wake ulipokataa kuinama.

Jumanne jua lilikuwa la kukaanga.
Alikwenda kuchuma managu,
nikamwona dirishani anainama nyuma ya tangi,
anaingiza mkono chini ya yale majani ayamalizie.
Mkono ukakaa huko.
Ukakaa.
"Njoo uguse," akaita.
Kiganjani mwake mnyoo ulikuwa unajikunja,
mnene, una hasira ya kuamshwa.
"Hii baridi imetoka wapi?"
Hatua moja kutoka miguuni pake
nyufa zilikuwa zimeshaanza kuandika.

Habari ya Jumapili hatukuitaja. Hatujaitaja hadi leo.
Ila Jumatano gunia langu halikuwepo ukutani,
na saa nne akarudi nalo kichwani,
limejaa majani ya mgrevilea,
bawabu wa shule anamfuata na la pili.
Akaniuliza vidole vinne vya nani, vyangu au vyake,
maana vyake ni vinene.

Alisema atakaa wiki moja. Huu ni mwezi wa tatu.
Bado anafagia saa kumi na moja,
lakini siku hizi ufagio unaelekea kitaluni.

Konokono nao wamekuja, sitadanganya;
kwenye unyevu hawakosi.
Usiku tunawaokota kwa tochi, sisi wawili,
tunawatia katika kopo la rangi,
yeye akihesabu kwa Kikamba, mimi kwa Kiswahili,
na hesabu zetu hazijawahi kulingana.